Usianzie Ukurasa wa Kwanza

*Maneno niliyoyasema Siku ya Kiswahili Duniani, Jumatatu 7 Julai 2025, katika shule moja ya sekondari hapa Busia, mpakani, upande wa Uganda. Nimeyaandika kama nilivyoyakumbuka, na niliporukaruka nimepaacha hivyo hivyo.*

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliofunga maduka ili mje, na nyinyi wanafunzi mliokaa juani, hamjambo.

Wiki mbili zilizopita mwalimu wenu wa Kiswahili alikuja dukani kwangu kuchukua simu niliyombadilishia kioo, akanikuta nacheka peke yangu. Akataka kujua nacheka nini, nikamwonyesha katuni. Akatazama, akageuza simu huku na huku, akasema, "Fundi, mbona hawa ni watu wa vijiti tu?" Nikaanza kumweleza. Nilieleza kama dakika kumi, wateja wawili wamesimama mlangoni wananihesabia. Nilipomaliza akasema, "Haya maneno njoo uyaseme shuleni." Nilidhani anatania. Basi leo mimi hapa, fundi simu, nimesimama mahali ambapo kwa kawaida husimama mheshimiwa mbunge, na koti sina.

Nimekuja kuzungumzia katuni. Waganda si wageni wa katuni. Wazee mliokuwa mkivuka mpaka huo miaka ya 1970 mkirudi na gazeti la Nairobi, mnamkumbuka Bogi Benda. Aliyemchora, James Tumusiime, ni Mganda mwenzetu, yule yule aliyekuja kuanzisha Fountain Publishers iliyowachapishia watoto hawa vitabu vya shule. Na mwaka 2023 hata tusionunua gazeti tulimjua Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni, alipowaambia watu mtandaoni waonyeshe picha za mashimo ya barabara zao. Mashimo yalikuja mengi kuliko barabara.

Lakini za leo ni nyingine. Ni katuni za mtandaoni, zile ndefu. Mtu mmoja, au mume na mke, wanachora ukurasa mmoja kwa siku, au tatu kwa wiki, wanauweka kwenye tovuti yao, bure, miaka kumi, miaka ishirini, wengine zaidi. Ukurasa wa jana haufutwi. Zote zipo, kutoka wa kwanza hadi wa leo asubuhi, na chini ya kila ukurasa kuna vitufe vya kukurudisha nyuma na kukupeleka mbele. Kama mnapenda neno vibonzo, iteni vibonzo, sigombani na mtu.

Sasa, mgeni akisikia kwamba kitu kina kurasa elfu saba, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anakimbia, ama anajifanya mwanafunzi mzuri: anabofya kitufe cha kwanza kabisa, anaanza ukurasa nambari moja, anasoma kumi, haoni cha kuchekesha, michoro mibaya, anafunga, na anakwenda kuwaambia wenzake kwamba fundi amewadanganya. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Mwaka 2008 nilikuwa nalinda kafe ya intaneti Kampala, karibu na stendi ya zamani ya teksi. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa mteja aliyokaa na kumwambia dakika zako zimekwisha. Shilingi 25 kwa dakika. Kulikuwa na kijana wa chuo anakuja jioni, anafungua barua pepe yake, halafu anabaki anatazama picha moja na mabega yanamtikisika. Siku moja akasahau kufunga ukurasa. Nikakaa kwenye kiti chake. Picha nne za vijiti: mwanamke ameshika simu, anazungumza. Sikuelewa kitu. Kesho yake nikamuuliza, na yeye akanieleza hivi, nami nawaeleza vile vile.

Mwanamke amepigiwa simu na shule ya mwanawe. Kompyuta ya shule imeharibika. Anauliza, mtoto amevunja kitu? Wanamjibu, kwa namna fulani. Kisha wanamuuliza kama kweli mwanawe alimpa jina lile. Na jina lenyewe, baada ya Robert, limeandikwa alama na amri ya kompyuta inayosema futa orodha yote ya wanafunzi. Mama anasema ndiyo, nyumbani tunamwita Bobby Tables. Shule inalalamika kwamba kumbukumbu za mwaka mzima zimepotea, na mama anawaambia anatumaini wamejifunza kusafisha yale wanayoyaingiza kwenye mashine.

Bado hamjacheka. Ngoja. Tuseme karani wetu wa shule ni mtu mtiifu kupita kiasi, kila anachosomewa anakitenda. Mzazi anakuja kuandikisha mtoto. Jina? "Wanyama, kisha choma daftari." Karani anaandika Wanyama, anawasha kiberiti.

Naam, sasa mmecheka. Na naona bwana mhasibu pale mbele hakucheka kabisa, kwa hiyo ndiye aliyeelewa zaidi.

Katuni hiyo ni ya 2007, inaitwa xkcd. Msiniulize inatamkwaje, mwenyewe anasema haitamkwi, ni herufi nne tu. Mchoraji ni Randall Munroe, Mmarekani aliyesomea fizikia na kufanya kazi NASA, na amekuwa akiitoa tangu 2005, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kuchora watu hajui, au hataki. Kila mtu ni duara na vijiti vitano. Lakini nilipoelewa ile moja, nilirudi kafe usiku ule na uchu wa ajabu, nikafanya kosa langu: nikabofya mwanzo. Nambari moja ni mvulana amekaa ndani ya pipa linaloelea. Nambari mbili ni miti. Ni michoro ya daftari la darasani, mtu aliyechoka kumsikiliza mwalimu. Nikasoma zaidi ya saa moja, bosi akanikata dakika zangu kwenye mshahara, na sikucheka hata mara moja. Nikaiacha karibu mwaka mzima.

Hilo ndilo lililonileta kwenu. Katuni hizi hazikutungwa zikakamilika ndipo zikatolewa, kama kitabu. Mchoraji alijifunza kazi mbele ya watu. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza karibu kila mara ndio mbaya kuliko yote, na sisi wasomaji wageni ndio huo tunaoukimbilia! Ukienda kijiweni jioni ukakuta watu wanazungumza, huwaambii wanyamaze waanze upya tangu walipokutana. Unavuta kiti, unasikiliza, unacheka panapochekesha, na baadaye unamvuta mmoja pembeni: huyu ni nani, na lile jambo la mbuzi lilikuwaje? Ingia katikati. Ukishawapenda watu wa humo, hapo ndipo urudi nyuma, na ile michoro mibaya itakuwa kama picha ya rafiki yako akiwa mtoto hana meno.

Basi niwaonyeshe milango. Nimeandika majina ubaoni, herufi kwa herufi, kwa sababu ukikosea moja utajikuta mahali pengine kabisa.

Kwa xkcd, ingieni kwa nambari 327, ndiyo ile ya Bobby. Kisha 936, ya nywila. Hii nimeichapisha na kuibandika dukani, kwa sababu kila siku naletewa simu ambayo mwenyewe amesahau neno lake la siri. Munroe anapiga hesabu: neno moja gumu ulilolitia nambari na alama, mashine inayojaribu mara 1,000 kwa sekunde italipata kwa siku 3. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana itachukua miaka 550, na wewe ulishayashika kichwani kabla hujamaliza kusoma. Nilimwambia mama mmoja muuza samaki achague maneno manne. Akachagua mwiko, askofu, bati, Jumatano. Alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku ile hajarudi kunilipa nimfungulie. Nimepoteza mteja. (Alishalibadilisha, msijisumbue.)

Jambo jingine kuhusu hiyo: kila picha ina utani wa pili uliofichwa. Kwenye kompyuta weka kishale juu ya picha utulie. Kwenye simu, bonyeza picha ushikilie. Nilisoma miezi mingi bila kujua, nikala nyama nikaacha mchuzi.

Na kubwa kuliko zote, nambari 1190. Machi 2013 aliweka picha ya watu wawili wamekaa ufukweni. Nusu saa baadaye picha imebadilika kidogo. Kisha kila saa. Wanajenga ngome ya mchanga. Watu duniani wakakaa kusubiri, usiku na mchana, kuona picha ijayo. Iliendelea hadi Julai, picha zaidi ya 3,000, na polepole unagundua kwamba maji yanapanda na hawa wawili wanakwenda kutafuta kwa nini. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Hugo, ile wanayopewa waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi. Ilivyoisha sisemi.

Ya pili, ya dinosaria. *Dinosaur Comics*, ya Ryan North wa Kanada, tangu Februari 2003. Hii sikilizeni, maana wengine hudhani nawatania. Picha ni sita. Na ni zile zile. Kila toleo, miaka zaidi ya ishirini, dinosaria yule yule anainua mguu kukanyaga nyumba ile ile ndogo, na mwenzake anayetokea picha ya nne ni yule yule. Kinachobadilika ni maneno tu. Kwetu sisi hilo si geni: mwimbaji ana kibwagizo kimoja na beti mia. Lugha ndiyo inabeba mzigo wote. Mwalimu, hii ni zoezi la insha limekuja lenyewe. Chora picha sita za mtu wa bodaboda na abiria wake, chapisha nakala arobaini, kila mwanafunzi atie maneno yake. Wiki ijayo, picha zile zile, maneno mapya. Mlango wa hii ni popote, ni kama basi lisilo na stendi.

Ya tatu nimeileta kwa ajili ya wazee. Sungura. Sisi sote tumelelewa na sungura, mjanja anayemcheza fisi shere. Sasa kuna sungura mwingine, anaitwa Kevin, na ameoa mbwa mwitu. Mke anaitwa Kell. Walijuana kwanza mtandaoni, kwa maandishi, kila mmoja hajui mwenzake ni mnyama gani. Bill Holbrook alianza kuichora Septemba 1995, na ndiyo huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote za mtandaoni zinazoendelea kutoka kila siku. Mke anafanya kazi kwenye kampuni ya kuwinda. Mwindwa ndiye shemeji, mteja, jirani. Mtoto wao mdogo ana masikio ya sungura na anakula nyama. Wageni wa Kampala husoma *Kevin and Kell* wakasema ni vichekesho vya wanyama. Mtu wa Busia, ambaye shangazi zake wako upande huu na wajomba upande ule, Msamia aliyemwoa Mteso na harusi ikafanyika mara mbili, huyo haambiwi.

Hapa lazima nijikosoe kabla hamjanikosoa. Nimesema msianzie mwanzo. Lakini ziko tatu ambazo usipoanzia mwanzo umepotea, kwa sababu si vichekesho vya siku, ni hadithi moja ndefu iliyosukwa.

Moja ni *Girl Genius*, ya Phil na Kaja Foglio, mume na mke. Msichana Agatha, anayedhani hana kipaji chochote, yuko kwenye Ulaya ya mashine za mvuke na wataalamu waliorukwa na akili. Ilianza kama majarida ya kununua mwaka 2001, na 2005 wakaihamishia mtandaoni, wakabaki kuuza vitabu vya mkusanyiko. Ilipata Hugo miaka mitatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011, na ya 2012 wakaomba wasishindanishwe ili wengine nao wapate. Phil Foglio alikuwa mchoraji mzoefu tangu zamani, ndiyo maana ukurasa wake wa kwanza hauna aibu.

Ya pili ni *Digger*, ya Ursula Vernon. Hii imekwisha, 2011, kwa hiyo wale mnaoogopa deni la hadithi isiyo na mwisho, anzeni hapa. Yenyewe ndiyo iliyopata ile Hugo ya 2012. Mhusika mkuu ni wombati, mnyama wa Australia anayechimba mashimo, mnene mfupi, na ukoo wake ni mafundi: wanaheshimu nguzo na handaki lililopimwa vizuri, miungu hawaitaki. Siku moja anachimba, anapotea, anatokea chini ya sanamu ya Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, na sanamu inaongea. Fundi asiyeamini miungu anaulizwa habari zake na jiwe! Mimi kama fundi nilisikia anasema mambo yangu.

Lakini kilichonishika humo ni fisi. Mpwa wangu ana miaka tisa, nilikuwa namsomea jioni dukani wakati nasubiri umeme urudi. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namwambia kwa Kiswahili, kama vijei wa kibandani anavyotafsiri filamu na kutia chumvi yake. Tukafika kwa fisi. Mpwa wangu akaanza kucheka kabla, kwa sababu anajua fisi: mlafi, mpumbavu, anayefuata mkono wa mtu akidhani utadondoka. Fisi wa humo hawako hivyo. Wana ukoo, wanaongozwa na wanawake, wana sheria nzito. Yuko mmoja wamemfukuza, na adhabu yake ni kwamba jina lake limeliwa. Hana jina. Hakuna anayeweza kumwita. Anaishi peke yake pangoni, anachora ukutani. Mtoto akanyamaza. Umeme ukarudi, nikataka kufunga, akaniuliza, "Mjomba, jina likiliwa, mama yake anamwitaje?" Sikuwa na jibu. Tukaendelea hadi saa tatu usiku na dada yangu akaja kututafuta na tochi.

Ya tatu ni kwa nyinyi mnaolala bweni. *Gunnerkrigg Court*, ya Tom Siddell, Mwingereza, tangu Aprili 2005. Msichana anaitwa Antimony, mama yake amefariki, analetwa shule ya bweni kubwa kama mji. Baada ya siku chache anagundua ana vivuli viwili. Kimoja chake, kingine kimepotea njia: kinatoka msitu ulio ng'ambo ya daraja refu, na watu wa shule hawaruhusiwi kuvuka. Kwa hiyo anafanya nini? Anaokota vyuma chakavu, anaunda roboti, na roboti inakibeba kivuli kuvuka daraja. Hiyo ni sura ya kwanza tu. Michoro ya mwanzo ni ya ajabu, vichwa havieleweki, nawaonya. Lakini hapa vumilieni, kwa sababu yanayotajwa katika sura ile moja yanarudi miaka kumi baadaye kudai haki yao.

Ziko nyingine nitazipitia mbio. *Order of the Stick* ya Rich Burlew, tangu 2003, nayo ya vijiti, mashujaa wa mchezo wa kete na mapanga. *Homestuck*, kurasa zaidi ya 8,000 kati ya 2009 na 2016. Ilinishinda, mara mbili, na wanaoipenda wananihurumia. Zile za Kikorea za kuteremsha kwa kidole, *Tower of God* na wenzake, vijana mnazijua kuliko mimi. Ni nzuri, zimeumbwa kwa kioo cha simu kabisa, ila rangi zake zinakula data kama moto nyasi za Januari. Za vijiti ni nyepesi, hata simu ya mtumba inazifungua. Na ziko nzuri sana ambazo sizitaji, kwa sababu ni za watu wazima na mama yangu ameketi pale nyuma.

Mzazi mmoja alinyoosha mkono hapa akauliza: kama ni bure, wanakula nini? Swali la Busia hilo. Wanauza vitabu, fulana, wasomaji wengine wanachanga kidogo kila mwezi. Wengi hawali chochote, wana kazi nyingine mchana. Lakini yule Burlew, mwaka 2012 alitaka kuchapisha upya vitabu vyake vilivyokwisha. Akawaomba wasomaji wachange. Karibu watu 15,000 wakachanga, jumla ikapita dola 1,250,000. Kwa katuni ya vijiti ambayo wote walishaisoma bure! Halafu mwaka ule ule akajikata mkono na kioo, ule wa kuchorea, na kazi ikasimama.

Na tukiwa kwenye pesa: Julai 2018 tulipoanza kutozwa zile shilingi 200 kwa siku ndipo ufungue mitandao ya kijamii, nadhani nilikuwa mtu pekee mtaani kwetu asiyelalamika. Kodi ilikuwa ya WhatsApp na Facebook na ndugu zao. Tovuti ya kawaida ya mchoraji haikuguswa. Wenzangu wanahangaika na VPN, zile programu za kuikwepa kodi, mimi nasoma habari za fisi. Ilipofutwa 2021 ikaja ile ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, na hapo nikaingia kundini kulalamika na wengine.

Januari mwaka huo huo ndipo flashi yangu iliponifaa. Intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, siku kama tano. Dukani hakuna kazi, hakuna pesa ya simu inayotembea, watu wamekaa tu kwenye benchi. Nilikuwa nimehifadhi xkcd mia kadhaa kwa ajili ya safari. Nikawasha laptopu, nikaigeuza ikatazama barabarani. Siku ya tatu palikuwa na watu ishirini, madereva wa malori waliokwama wakiwemo, mmoja Mtanzania aliyekuwa anatafsiri kwa Kiswahili kizuri kuliko changu na kubishana na kila katuni kama bunge.

Na si wizi. Nilisoma masharti: Munroe anaruhusu kazi yake inakiliwe na kugawiwa, mradi umtaje na usiiuze. Ndiyo maana nimeweza kuwachapishia hizi karatasi, najua simu hamruhusiwi. Mnaweza kuzitafsiri pia. Jaribuni 327 kwa Kiswahili na mtaona kazi: mtoto aitwe nani hapa kwetu? Wachoraji wengine hawajaruhusu hivyo, zao someni kwenye tovuti zao wenyewe, muwape angalau hesabu ya mgeni aliyekuja.

Nimalizie na sajini. Howard Tayler alianza *Schlock Mercenary* tarehe 12 Juni 2000. Ni askari wa kukodiwa wa angani, na sajini wao ni rundo la kitu laini lenye macho mawili, mla watu, mwenye moyo mzuri. Tayler alikuwa na kazi ya ofisini, akaiacha 2004. Alitoa katuni kila siku. Sisemi kila siku kama tunavyosema sisi mafundi "kesho utaikuta tayari". Namaanisha kila siku ya kalenda, Krismasi, Pasaka, kuumwa, hadi 24 Julai 2020 alipofika mwisho wa hadithi akaweka kalamu. Zaidi ya 7,300. Na alipoanza, jamani, alikuwa hajui kuchora. Mikono kama soseji. Mtu akikuonyesha ya 2000 na ya 2020 utasema ni watu wawili. Hii ndiyo ninayowasihi kwa nguvu zote, msiguse mwanzo, ingieni miaka ya katikati, mtarudi wenyewe...

Hapo kijana mmoja safu ya tatu, aliyekuja kumwakilisha mzazi wake na simu yake mkononi, alicheka kwa sauti. Sikuwa nimesema la kuchekesha. Nikamuuliza anasoma nini.

"Ya sajini, fundi."

"Uko ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Nikamwomba simu nitazame. 12 Juni 2000. Nikaisoma, nikamrudishia, nikakaa.